Kichupa Ambacho Keateka Hakuazima

Keateka, mtunzaji wa nyumba za ploti yetu pale Landless mjini Thika, angekuazima kitu chochote. Ngazi, msumeno, jembe, sufuria mbili kubwa za matanga, viti vya plastiki, pasi ya makaa, hata koti lake la mvua lililokuwa na jina la mtu mwingine mgongoni. Siku niliyohamia nikiwa na godoro, jiko na katoni ya vitabu, alinipa kitanda. Sikukiomba. Alisimama mlangoni akaangalia godoro langu pale sakafuni, akaenda zake, akarudi na vyuma vya kitanda begani.

"Mwalimu hawezi lala chini," akasema. "Watoto wakijua watakuzoea."

Nililala kwenye kitanda hicho miaka minne, na mpaka leo sijui kilikuwa cha nani.

Nimeanza na kitanda makusudi. Nataka kumweleza mtu huyu kwa haki, na mimi si shahidi wa kutegemewa sana juu yake, maana niliwahi kumwita mchoyo. Nilimwita hivyo pale mfereji wa maji, wapangaji wakisikia, na cheti changu cha ualimu kikiwa kimetundikwa ukutani hatua kumi kutoka hapo.

Alikuwa na namna yake ya kudai vitu. Ukikaa na ngazi yake wiki mbili hakukuambia urudishe. Alibisha mlango wako asubuhi, kofia mkononi, uso wa huzuni.

"Nimekuja kuona mgonjwa," angesema. "Nimesikia ngazi yangu imelazwa hapa."

Mama Brayo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alilaza sufuria ya matanga mwezi mzima. Keateka alikuja kuiombea. Alifumba macho akaiombea kwa sauti, sufuria ikiwa juu ya jiko na githeri ndani, na Mama Brayo akajikuta ameitikia amina.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na alilala kila mahubiri. Alisema masikio ndiyo yaliyokuja kusikia, jicho limekuja kupumzika. Watoto wa ploti hawakugusa andazi lake kabla ya kunawa, lakini yeye mwenyewe alikunywa maji kwa mdomo wa mpira uliolala kwenye matope. Alimgombeza landilodi kwa ajili ya mtaro ulioziba mpaka landilodi akapanda gari bila kuaga, kisha siku nzima akasononeka kwamba hakumpa chai. Matangazo ya vifo redioni aliyasikiliza yote, wafu wasiomhusu kabisa, na kila jina likitajwa alisema "pole" kana kwamba wenyewe wamekaa naye chumbani.

Nimesema jicho, si macho. La kushoto lilikuwa jeupe, limefunikwa na kovu, halikuona kitu. Kila mpangaji alikuwa na hadithi ya jicho lile. Wengine walisema pembe ya ng'ombe, wengine walisema vita vya ulevini kabla hajaokoka. Mimi niliamini ile ya mwanamke na chupa ya soda, nikaieneza, nikaiongezea hata rangi ya soda. Hakuna aliyemwuliza mwenyewe.

Jicho la kulia, lile la kazi, lilikuwa na ugonjwa wa kuvimba kwa ndani, unakuja, unatulia, unarudi. Daktari wa macho alikuwa amemwandikia dawa ya matone mara nne kwa siku, na matone hayo ndiyo yaliyokuwa sinema ya ploti. Alitoka na stuli akakaa mbele ya mlango wake. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiazima. Alisoma karatasi ya kichupa, kila mara, ingawa aliijua kama jina lake. Nilimwuliza siku moja kwa nini anasoma anachokijua.

"Siku sitasoma ndio siku nitaweka ya mtu," akanijibu.

Kisha alitikisa kichupa, akainua uso juu, akavuta kope ya chini kwa kidole mpaka ikawa kama mfuko mdogo, akashika kichupa juu ya jicho bila kuligusa, na tone moja likaingia. Moja tu. Alifumba jicho polepole, bila kupepesa, akabonyeza kwa kidole ile kona iliyo karibu na pua, akakaa hivyo dakika mbili ili dawa isikimbilie kooni. Dakika hizo hakusema na mtu. Mama Brayo aliwahi kumwuliza maji yatafunguliwa lini, na Keateka akainua mkono wa pili kama trafiki. Wakati mwingine alikuwa na kichupa kingine cha presha ya jicho, na kati ya hiki na kile alingoja dakika tano kamili akitazama saa.

Juu ya kichupa aliandika kwa biro siku aliyokifungua. Wiki nne zikiisha, alikitupa, hata kikiwa nusu. Mama Brayo, ambaye hukata tyubu ya dawa ya meno kwa mkasi ili akwangue ndani, alikuwa akiugua siku hizo.

Mimi nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la tano katika shule ndogo ya binafsi si mbali na hapo. Nilimwiga Keateka kwenye ofisi ya walimu, kichwa nyuma, kidole puani, na walimu wenzangu walicheka sana. Nilijiona nina kipaji.

Basi, macho mekundu yakaingia shuleni. Yalianza kwa mtoto mmoja, yakawa kumi, na Alhamisi moja niliamka kope zangu zimeshikana kwa tongotongo. Mwalimu mkuu alinitazama mara moja tu akaniambia nirudi nyumbani mpaka yaishe.

Siku nyingine yoyote ningefurahia likizo. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nikienda Ruiru kuonekana na wazazi wa Wambui kwa mara ya kwanza. Wambui ndiye niliyetaka kumwoa, na baba yake alikuwa mtu wa kanisa aliyewachukia walevi kwa mpangilio maalum, kuanzia wa bia mpaka wa bangi.

"Hayo macho yakoje?" Wambui aliniuliza kwa simu.

"Kama nyanya."

"Aki wewe. Baba akikuona hivyo atasema unavuta. Hata chai hutapewa."

"Tusongeze hadi wiki ijayo?"

"Mbuzi ameshanunuliwa."

Niliyaosha kwa maji ya chumvi, nikayaosha kwa chai ya rangi iliyopoa, yakazidi. Ijumaa asubuhi nikamwendea Keateka pale mfereji, jerikeni mkononi, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kunyimwa.

"Mzee, nisaidie na ile dawa yako. Tone mbili tu."

"Hapana."

Nilidhani anatania. "Basi tone moja. Jicho moja leo, lingine kesho."

"Mwalimu, chukua ngazi."

Watu walicheka. Mimi nilihisi uso unawaka, maana nilikuwa nimemweleza kila mtu pale kuhusu mbuzi wa Ruiru. Nikasema kwa sauti kwamba kumbe huyu mzee ana mkono wa birika, anatoa vya bure na kuficha vya maana, ni mchoyo tu kama wengine.

Hakukasirika. "Twende kwa daktari wa macho akuangalie," akasema. "Nitakusindikiza sasa hivi."

Nikakataa. Foleni ni ndefu, nikasema. Isitoshe, mimi ni mwalimu wa sayansi. Jicho ni jicho, na wekundu ni wekundu.

Saa nane mchana alipanda juu ya paa kufungua maji ya tangi. Mlango wake haukufungwa kamwe, wala mchana huo haukufungwa. Niliingia nikiwa nimebeba jembe lake, ili nikionekana niwe ninarudisha jembe. Kichupa kilikuwa kwenye rafu, ndani ya kopo la kakao.

Sikunawa mikono. Jumanne ya wiki hiyo nilikuwa nimechora ubaoni mkono, mfereji na sabuni, kwa chaki za rangi. Tone la kwanza lilianguka shavuni, la pili likaingia puani. La tatu nikaona nisicheze, nikateremsha kichupa mpaka ncha yake ikazama kwenye kope zangu zenye usaha, nikafinya kwa ngumi nzima. Nikahamia jicho la pili. Dawa ilifurika, ikateremka kooni, chungu kama shubiri. Nikarudisha kichupa ndani ya kopo, nikakigeuza ili maandishi yaelekee upande ule ule yalikokuwa, na nikatoka nikijisifu kwa akili hiyo.

Ilipofika saa kumi na moja macho yalikuwa yameanza kutulia. Nilijitazama kwenye kioo, nikaona bwana harusi. Hata nikamsamehe Keateka uchoyo wake. Nikakaa kusahihisha madaftari ya darasa la tano.

Swali la sita lilikuwa langu mwenyewe: taja njia tatu za kueneza ugonjwa wa macho. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameandika: kutumia taulo ya mgonjwa, kuweka mikono chafu kwa macho, na kuchangia dawa ya macho. Nikampa vema ya kwanza, vema ya pili, na kwenye ya tatu biro ikasimama.

Nilitazama saa. Ilikuwa dakika tatu kabla ya saa kumi na mbili, saa ya tone la jioni. Usaha wangu ulikuwa kwenye ncha ya kile kichupa, na yule mzee alikuwa na jicho moja tu duniani.

Nilikimbia. Kandambili moja ilibaki mtaroni. Nilipofika alikuwa juu ya stuli, ameshanawa, ameshasoma, uso juu, kope imevutwa, kichupa kiko juu ya jicho.

"Mzee, ngoja!"

Aliteremsha mkono. Sasa hapo mtu mzima angesema alichofanya. Mimi nikafungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe.

"Kuna mende. Nilimwona mende akitembea juu ya hiyo dawa. Kwa ncha."

"Ulimwona saa ngapi?"

"Saa nane."

"Ukiwa wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo mlangoni. Keateka alinitazama kwa lile jicho lake, akatazama yangu mawili, na tongotongo zilizobaki kwenye kope.

"Na huyo mende," akauliza taratibu, "macho yake yalikuwa mekundu?"

Mama Brayo, aliyekuwa anaanua nguo, alicheka mpaka akakaa chini na nguo za watu.

"Ni mimi, Mzee," nikasema. "Niliingia nikaiba. Na iligusa macho yangu."

Nilitaka anigombeze. Nilitaka anifukuze kwenye ploti, aninyang'anye kitanda chake, kitu chochote. Yeye alifunga kifuniko, akaweka kichupa chini kando ya mguu wa stuli, akaweka mikono magotini.

"Hili la kushoto," akasema, "liliguswa na jani la mahindi. Tukivuna, huko nyumbani nyuma ya Thika. Likawa jekundu. Rafiki yangu alikuwa na dawa imebaki, aliandikiwa yeye wakati alikuwa mgonjwa. Akanipa. Siku mbili, uchungu ukaisha, wekundu ukaisha. Nikarudi shamba nikiimba. Kumbe ile dawa inazima moto wa juu tu, na mdudu ako ndani anakula. Nikifika hospitali, daktari ananiambia nimechelewa."

Mama Brayo aliinuka akaanza kukung'uta nguo za watu.

"Yule rafiki alinipa na moyo safi, Mwalimu. Alikuja kuniona, akalia kuliko mimi. Sasa wewe ukiniomba ningefanya nini? Kitanda nilikupa. Kama ungetaka blanketi ningekupa. Hiyo, hapana."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimejitafutia nyingi. Ile hadithi yangu ya mwanamke na soda ilinikaa kooni pamoja na uchungu wa dawa.

Kichupa kilikuwa cha kutupwa, lakini daktari alikuwa amemwonya asiache dawa ghafla, kwa sababu uvimbe ungerudi kwa hasira. Tulikwenda kwa kemisti mmoja Makongeni kabla hajafunga. Akakataa kutuuzia nyingine bila karatasi ya daktari. Mimi nilimtukana kemisti, Keateka akamshika mkono na kumshukuru. Kwa hiyo tone la jioni likakosekana, na la kulalia, na la alfajiri.

Jumamosi asubuhi jicho lilikuwa linauma na mwanga ulimchoma. Alivuta kofia mpaka puani, nami nikamshika mkono kama mtoto wa nasari kumpeleka kliniki. Njiani nilimpigia Wambui. Sikuwa na nguvu za mende mwingine, nikamwambia ukweli wote.

"Umeiba dawa ya mzee kipofu?"

"Si kipofu. Ako na moja."

"Na hiyo moja ndio ulikuwa unataka?" Akakata simu.

Saa mbili za foleni nilikaa nikiomba. Sikuomba mbuzi, wala Wambui. Niliomba yule mzee aendelee kuona saa yake, mtaro wake na ngazi zake, na kama ni lazima mtu alipe, nilipe mimi. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwekea Keateka kidevu kwenye mashine, akatazama kwa muda ambao niliuona mrefu mno.

"Uvimbe umerudi kidogo," akasema. "Lakini maambukizi hakuna. Mmekuja mapema. Tutaongeza matone kwa siku chache, kisha tupunguze polepole. Usiache mwenyewe, Mzee."

Daktari akanigeukia.

"Na wewe?"

Akaniangalia nami. Akanieleza kwamba yangu ni ya kuambukiza na mengi ya aina hiyo hupona yenyewe, kazi yangu ni kunawa, kuwa na taulo yangu na kuacha kuyagusa. Akaniambia kwamba dawa niliyoiba ingeweza kuficha ugonjwa mbaya mpaka uniharibie, na kwamba nikiona maumivu, ukungu, au mwanga ukinichoma nirudi siku hiyo hiyo.

"Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

Nilitazama ukuta. Ulikuwa na picha nzuri ya jicho.

"Wa sayansi," Keateka akajibu kwa ajili yangu, kwa fahari kabisa. "Mwalimu mzuri sana."

Ploti nzima ilijua kabla ya chakula cha mchana. Niliitwa Mwalimu Mende mpaka nilipohama, na baba yake Wambui alinikubali miezi mitatu baadaye, baada ya kunichungulia macho mlangoni kama mnunuzi wa ng'ombe. Keateka hakuniita Mende hata siku moja. Aliendelea kunipa ngazi. Wala mlango wake hakuanza kuufunga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila nikipita na kuuona uko wazi nilitamani kuufunga mwenyewe.

Miaka imepita. Mimi na Wambui tunaishi Ruiru sasa, na mwaka jana nikasikia kwamba Keateka naye amehamia Ruiru kwa binti yake. Nilienda kumwona Jumamosi moja mchana, na mkate na sukari. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, mwembamba, mikono yake ikitetemeka mapajani kama ina kazi yake nyingine. Jicho lilikuwa bado linaona, lakini umbo tu, na mwanga. Alinitambua kwa sauti.

Tuliongea juu ya Landless, juu ya Mama Brayo, juu ya nani amekufa, na kila jina alilisemea pole. Kisha akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa nane na robo.

"Binti yangu amechelewa kazini," akasema. "Dawa ni saa nane. Mimi siwezi, mikono imekataa."

"Hakuna jirani?"

"Jirani ako. Lakini hajui."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki.

"Basi nawa mikono, Mwalimu."

Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana. Nilimsomea kichupa kwa sauti: jina lake, siku kilipofunguliwa, wiki mbili tu zilizopita. Nikakitikisa. Akainua uso. Nikavuta kope yake ya chini, laini kama karatasi ya chapati, na mkono wangu ukaanza kutetemeka kuliko wake. Tone likaanguka.

"Hiyo ni pua, Mwalimu."

La pili liliingia. Akafumba, nami nikaweka kidole kwenye kona ya jicho, maana chake kisingetulia. Nikaanza kuhesabu dakika mbili. Kwa dakika hizo hakuwa na jicho lolote, alikuwa gizani na mimi ndiye niliyekuwa naye humo. Mkono wake ukapapasa hewani, ukapata mkono wa shati langu, ukaushika. Machozi yakanitoka, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini.

Chozi moja lilimdondokea shavuni.

"Geuza uso kando," akasema, bila kulifungua jicho. "Hayo daktari hakuniandikia."

Nikageuza uso, kidole nikakiacha palepale.